Bei ya Haki Iandikwe Mlangoni

Mwenye nguvu mpishe, walinena wahenga. Huo ni ushauri wa busara kwa mtu aliyekutana na nyati njiani, lakini haukukusudiwa kuwa kanuni ya kuamulia mashauri. Pale ambapo mtu anaiacha hoja yake kwa sababu tu gharama ya kuitetea yamzidi uwezo, hapo haki haikutendeka; imepigwa mnada. Kisa kilichotokea nchini Marekani kati ya mwaka 2009 na 2011, kuhusu mchoro mdogo wa miraba ya rangi, chaonyesha jambo hilo waziwazi. Chafaa kuangaliwa kwa makini na kila mwalimu na kila mtumishi wa umma ambaye kazi yake ya kila siku ni kushika maandishi, picha na nyimbo zilizotokana na jasho la watu wengine.

Kwa miaka mingi sasa umekuwapo mtindo wa kuichukua filamu, wimbo au picha inayojulikana na umma, na kuifanya upya kwa sura na sauti za michezo ya video ya miaka ya 1980. Nyuso hugeuzwa kuwa miraba michache ya rangi; nyimbo hupigwa kwa milio ya chipu za zamani. Mtindo huo ulianza kwa wapenzi waliofanya kazi hiyo vyumbani mwao baada ya saa za kazi. Baadaye kampuni kubwa ziliingia. Mwaka 2010 Ubisoft ilitoa mchezo wa namna hiyo uliotokana na vitabu vya katuni vya Scott Pilgrim, na mwaka 2017 tamthilia ya Stranger Things ilitengenezewa mchezo wa simu uliofuata sura ya michezo ya kale. Kilichokuwa burudani ya mafundi wachache sasa ni biashara.

UFUNDI WA KIDOGO

Wako watu, na miongoni mwao wamo wasomi, wanaoubeza mtindo huo. Hudai kwamba ni michoro ya kitoto, na kwamba aliyeipunguza picha ubora wake hawezi kujidai kuwa ameumba kitu. Dai hilo latokana na kutojua jinsi kazi yenyewe inavyofanyika.

Mashine ya Nintendo iliyotolewa Japani mwaka 1983 ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu. Picha yake iligawanywa katika nukta 256 kwa upana na 240 kwa kimo. Kila kipande cha umbo linalotembea kiliruhusiwa rangi 3 na si zaidi. Mchezo mzima wa Super Mario Bros., uliotolewa mwaka 1985, ulienea ndani ya kilobaiti 40. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi huchukua nafasi kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Katika ufinyu huo kila nukta ilitakiwa kulipa kodi yake. Shigeru Miyamoto alipomchora Mario kwa ajili ya mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, alimpa masharubu kwa sababu mdomo haukuwa na nafasi ya kuchorwa. Alimvika kofia ili aepukane na taabu ya nywele, na akamvisha ovaroli ili mikono ionekane mbali na kiwiliwili. Katika Super Mario Bros. wingu la mbinguni na kichaka cha ardhini ni umbo lile lile. Kilichobadilika ni rangi. Mamilioni ya watu waliutazama mchezo huo kwa miaka bila ya kuugundua ujanja huo, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya fundi.

Msusi wa mkeka wa ukindu aielewa kazi hiyo bila ya kufundishwa. Yeye naye hana mstari wa mviringo. Ana miyaa iliyopishana juu na chini, na rangi chache alizochemsha katika chungu. Akitaka kuonyesha umbo, hana budi kuamua ni lipi la lazima na ni lipi la kuachwa. Hakuna mtu mwenye akili anayemwambia msusi kuwa amepunguza ubora wa picha. Vivyo hivyo, aliyeuchukua uso wa mtu mashuhuri na kuujenga upya kwa miraba mia chache, nao ukatambulika mara moja, amefanya uamuzi mia chache. Hapo hapana uvivu.

Katika muziki hali ni hiyo hiyo. Chipu ya mashine ile ya Nintendo ilikuwa na njia 5 za sauti: mbili za mlio mkali, moja ya mlio laini iliyozoeleka kubeba besi, moja ya mvumo wa kelele uliotumika kama ngoma, na moja ya vipande vifupi vya sauti zilizorekodiwa. Fundi aliyetaka sauti nyingi zilie kwa pamoja alizirusha moja baada ya nyingine kwa kasi, hata sikio likadanganyika na kuzisikia kuwa ni kundi moja. Umaskini wa zana haukuwa umaskini wa akili.

DAVIS NA CHIPU

Mwaka 1959, katika studio ya Columbia mjini New York, mpiga tarumbeta Miles Davis na wenzake, akiwamo John Coltrane na Bill Evans, walirekodi albamu iitwayo Kind of Blue. Yafaa ikumbukwe jinsi ilivyotengenezwa. Wakati huo wanamuziki wa jazi walikuwa wakishindana katika kubadilisha vikundi vya sauti kwa haraka na kwa wingi. Davis aliamua kwenda kinyume. Aliwapa wenzake michoro mifupi tu ya nyimbo, ngazi chache za sauti, na nafasi pana ya kufikiri. Alijitia mwenyewe katika ufinyu, na kutokana na ufinyu huo ikatoka mojawapo ya albamu zinazoheshimiwa kuliko zote katika historia ya muziki huo.

Mwaka 2009, albamu hiyo ilipotimiza miaka 50, Bwana Andy Baio, mtaalamu wa mambo ya intaneti, aliandaa albamu aliyoiita Kind of Bloop. Wanamuziki watano walizipiga upya nyimbo zote tano za Davis kwa milio ya michezo ya zamani. Fedha zilitokana na michango ya watu wengi kupitia mtandao wa Kickstarter. Bwana Baio aliomba na kulipia leseni za nyimbo zote, na ziada iliyopatikana katika michango aliwapa wanamuziki. Wazo lenyewe halikuwa mzaha. Liliuliza swali la maana: kazi iliyozaliwa na ufinyu wa hiari, itakuwaje ikipitishwa katika ufinyu wa lazima?

Tatizo lilitokea kwenye jalada. Jalada la albamu ya mwaka 1959 lilikuwa na picha ya Davis akipuliza tarumbeta, iliyopigwa na mpiga picha mashuhuri Bwana Jay Maisel. Kwa kuwa muziki wote ulikuwa umegeuzwa, ilionekana yafaa jalada nalo ligeuzwe, na rafiki mmoja wa Bwana Baio akauchora upya uso wa Davis kwa miraba. Mwaka 2010 mawakili wa Bwana Maisel wakaleta madai ya kuvunjwa hakimiliki. Sheria ya Marekani yaruhusu fidia hadi dola 150,000 kwa kazi moja ikiwa kosa ni la makusudi, pamoja na gharama za mawakili.

Bwana Baio aliamini kwamba mchoro wake ulikuwa ndani ya kile ambacho sheria ya nchi yake hukiita matumizi ya haki. Hata hivyo hakwenda mahakamani. Mnamo Septemba 2010 alikubali kulipa dola 32,500 na kutoutumia tena mchoro ule, bila ya kukiri kosa lolote. Mwaka uliofuata alieleza hadharani sababu yake: kulipa kulikuwa rahisi kuliko kushinda. Maneno hayo ni machache, lakini yabeba hukumu nzito juu ya utaratibu mzima.

UPOTOFU WA AINA MBILI

Tangu hapo watu wamegawanyika katika makundi mawili, na makundi yote mawili yamepotoka.

Kundi la kwanza lasema kwamba chochote kilichokwisha kuonekana na umma ni mali ya umma, na kwamba mpiga picha aliyedai haki yake ni mchoyo. Wengine walifika hadi ya kumshambulia Bwana Maisel kwa maneno makali. Huo ni upotofu. Picha ile haikuota kama uyoga. Ilitokana na mtu aliyejifunza kazi kwa miaka, akasimama mahali pafaapo kwa wakati ufaao, na akajua ni lini pa kubonyeza. Upande wake ulieleza kwamba asingetoa ruhusa ya picha yake kugeuzwa namna ile, kwa kuwa yeye huithamini kazi yake jinsi ilivyo. Mtu ana haki ya kuipenda kazi ya mikono yake. Na anayemtukana mfanyakazi kwa kudai malipo, kisha akajiita mtetezi wa sanaa, hajui anachokitetea.

Kwamba wapiga picha nao wana sababu ya kulalamika imeonekana katika shauri jingine. Mwaka 1981 Bibi Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lililipa dola 400 ili picha hiyo itumike mara moja tu kama kielelezo cha mchoro wa Andy Warhol. Warhol akaitumia kutengeneza kazi 16. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni ya magazeti iliilipa taasisi ya Warhol dola 10,000 kwa kuchapisha mojawapo ya kazi hizo. Bibi Goldsmith hakupata hata senti. Mwaka 2017 taasisi hiyo ndiyo iliyotangulia kwenda mahakamani dhidi yake. Ilichukua hadi Mei 2023 kwa Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua, kwa majaji 7 dhidi ya 2, kwamba katika matumizi hayo ya kumpatia mteja picha ya kuchapisha gazetini, mpiga picha ndiye aliyekuwa na haki. Safari hii aliyelemewa alikuwa mpiga picha, na jina kubwa lilikuwa upande wa pili.

Kundi la pili lasema kwamba kila kugeuza ni kuiba, na kwamba asiyekuwa na ruhusa ya maandishi anyamaze. Huo nao ni upotofu, tena wenye madhara makubwa zaidi kwa kuwa huvaa joho la sheria. Hakuna sanaa iliyojizaa yenyewe. Mtunzi wa shairi hurithi bahari zilizowekwa na waliomtangulia. Mpiga tarumbeta hujifunza kwa kuwaiga wakubwa wake hadi apate pumzi yake mwenyewe. Kama Davis angezuiwa kupiga wimbo wowote ambao hakuutunga, nusu ya maisha yake ya muziki isingekuwapo.

MLANGO WENYE BEI

Ajabu ya kisa cha Kind of Bloop ni kwamba katika albamu moja zilikutana sheria mbili. Muziki ulipita bila ya mgogoro, jalada likakwama. Sababu yake ina historia ya zaidi ya miaka 100.

Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na piano zilizojipiga zenyewe kwa kufuata karatasi zenye matundu. Watengenezaji wa karatasi hizo walichukua nyimbo za watunzi bila ya kuwalipa, na mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba karatasi yenye matundu si nakala ya wimbo kisheria. Watunzi wakalia. Mwaka 1909 Bunge la nchi hiyo likatunga sheria ya kati na kati: mtunzi akishakubali wimbo wake utolewe mara ya kwanza katika vyombo vya namna hiyo, mtu yeyote aweza kuutoa upya, mradi amlipe mtunzi senti 2 kwa kila nakala. Msingi huo ungali unatumika. Mwaka 2009 kiwango kilikuwa senti 9.1 kwa kila nakala ya wimbo usiozidi dakika 5. Sheria yaruhusu wimbo upangwe upya kulingana na mtindo wa mpigaji, lakini hairuhusu uharibiwe asili yake.

Huo ni mlango wenye bei iliyoandikwa juu yake. Tajiri na maskini hulipa kiasi kile kile, na mtunzi hupata chake bila ya kuajiri wakili. Hakuna ushahidi kwamba muziki wa Marekani ulikufa kwa ajili hiyo, ulistawi. Picha, kwa upande wake, haina mlango kama huo. Ina ukuta, na nyuma ya ukuta kuna swali la matumizi ya haki ambalo hujibiwa na jaji pekee, baada ya miaka, kwa gharama ambayo mtu wa kawaida hawezi kuibeba. Mwenye kampuni hulijua swali hilo na kulikabidhi kwa mawakili wake wa mshahara. Mchoraji wa chumbani hulijua pia, naye hulikimbia.

Hapana budi, basi, kudai mambo mawili. La kwanza ni viwango vinavyojulikana vya kuigeuza picha iliyokwisha kuchapishwa, vidogo kwa kazi ndogo na vikubwa kwa kazi kubwa, huku mwenye picha akibaki na uwezo wa kukataa matangazo ya biashara na matumizi ya kumdhalilisha mtu. La pili ni mahali pa kuamulia mashauri madogo kwa gharama ndogo. Marekani imeanza kulifanya hili la pili: tangu mwaka 2022 ipo bodi ya kusikiliza madai ya hakimiliki yasiyozidi dola 30,000. Lakini mshtakiwa aweza kukataa kushiriki, na hapo mlalamikaji hurudishwa kwenye mahakama ile ile ya gharama kubwa. Hatua hiyo ni njema, ila ni nusu ya hatua.

Wapinzani watauliza: je, msanii hana haki ya kusema hapana? Swali hilo ni la heshima na lastahili jibu. Mtunzi wa wimbo nchini Marekani aliishapoteza hapana hiyo tangu mwaka 1909 kuhusu nyimbo zilizokwisha kutolewa, wala hadhi yake haikuporomoka, kwa kuwa jina lake hutajwa na malipo yake hufika. Zaidi ya hayo, mchoro wa miraba hauiondoi picha ya asili mahali pake. Hakuna mtu atakayeacha kununua picha ya Bwana Maisel ili atundike ukutani uso wa nukta chache. Aliyeuona mchoro aliikumbuka picha. Na aliyekuwa haijui picha aliongozwa kwenda kuitafuta.

WAJIBU WA MWALIMU NA MTUMISHI

Msomaji aweza kudhani kwamba mambo hayo ni ya New York na yaishie huko. Sivyo. Leo mwanafunzi mwenye simu aweza kuugeuza uso wa mwanamuziki ampendaye kuwa miraba kwa kubonyeza mara moja, na ofisi ya umma yaweza kuchukua picha kutoka intaneti na kuiweka katika kalenda yake bila ya kuuliza ni ya nani. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo humlinda mwenye kazi, na pia hutoa nafasi, kwa masharti, ya kuitumia kazi kwa kufundishia. Sheria iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu.

Mwalimu anayewapa watoto daftari la miraba na kuwaagiza wachore uso unaojulikana kwa rangi tatu tu, anawafundisha hesabu, subira na uamuzi kwa wakati mmoja. Asiishie hapo. Awaagize pia waandike chini ya mchoro jina la aliyeipiga picha ya asili. Mtoto aliyezoea kulitaja jina la mwenye kazi hatakua kuwa mtu mzima anayeuza jasho la mwenzake kama lake.

Naye mtumishi wa umma anayeandaa jalada la ripoti aulize kwanza maswali matatu: kazi hii ni ya nani, ameombwa, na amelipwa? Akikosa jibu, atafute kazi nyingine au amwite mchoraji wa mtaani na kumlipa. Serikali yoyote inayotaka raia waheshimu mali ya fikra haina budi kuanza kwa kuiheshimu yenyewe.

Miraba ile midogo ya jalada la Kind of Bloop iliondolewa, na aliyeichapisha akalipa dola 32,500. Hakuna mahakama iliyopata kusema kama alikosa au hakukosa. Mpiga picha alilipwa, lakini haki yake haikuthibitishwa; mwandaaji alilipa, lakini kosa lake halikuthibitishwa. Sheria inayowaacha watu wote wawili bila ya jibu, na kumnufaisha tu yule awezaye kungoja, yastahili kurekebishwa. Bei na iandikwe mlangoni, isomwe na wote, na ilipwe na wote.